Waranti Ikiisha, Kasoro Inabaki ya Nani?

Chini ya risiti nyingi za maduka ya Dar es Salaam, kama ilivyo katika maduka ya Arusha na Mombasa, pamepigwa mhuri wenye maneno machache: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Sentensi hiyo ina pacha wake, ambaye haandikwi popote bali husemwa kwa mdomo siku mteja anaporudi na friji lake limefungwa kamba juu ya guta: "Waranti imeshaisha." Ya kwanza humnyamazisha mnunuzi siku ya kununua, ya pili humnyamazisha siku ya kulalamika. Baina ya siku hizo mbili kuna kipindi kifupi, kwa kawaida miezi 12, ambacho mnunuzi huambiwa kuwa ndicho muda wake wote wa kuwa na haki.

Muhula huu, katika semina ya sera za umma, nilileta swali ambalo nilidhani lingetuchukua dakika kumi: je, mteja ategemee kutengenezewa bure bidhaa ambayo waranti yake imekwisha? Lilituchukua saa mbili. Wengi walisema hapana, mkataba ni mkataba, na mtu mzima aliyetia saini asilie. Wachache walisema ndiyo, kwa kuwa kampuni kubwa zina fedha na mnunuzi hana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa zinajibu swali jingine. Wa kwanza walidhani waranti ndiyo chanzo cha haki za mnunuzi, kwa hiyo ikizimika na haki zimezimika. Wa pili walidhani haki hupimwa kwa uzito wa mfuko wa anayedaiwa. Si hivyo wala si hivyo.

Waranti ni ahadi ya ziada. Mtengenezaji, kwa hiari yake na kwa sababu za soko, anasema: ndani ya miezi kadhaa, kitu hiki kikiharibika, nitakitengeneza bila kukuuliza maswali mengi. Faida yake kubwa kwa mnunuzi ni hiyo ya kutoulizwa maswali mengi. Hana haja ya kuthibitisha kuwa kasoro ilitoka kiwandani. Anapeleka kadi na risiti, basi. Ahadi hiyo ikifika ukomo, kinachokwisha ni wepesi huo. Wajibu wa aliyeuza kitu kibovu hauanzii kwenye kadi, na kwa hiyo hauwezi kuishia hapo.

Unaanzia kwenye sheria. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kutoka enzi ya utawala wa Waingereza, na chimbuko lake ni sheria yao ya mwaka 1893. Ndani yake kuna masharti ambayo hayahitaji kuandikwa katika risiti ili yawepo: kwamba kitu kinachouzwa na mtu anayefanya biashara ya kitu cha aina hiyo kiwe na ubora wa kuuzika, na kwamba kifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemjulisha muuzaji kuwa anakitakia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, nayo ina sehemu inayohusu masharti yanayodokezwa katika mikataba ya walaji. Na ukisoma Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, utakuta kwamba madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6 kabla hayajafungiwa mlango. Kenya vilevile ni miaka 6. Miaka 6 kwa sheria, mwaka 1 kwa kadi: tofauti hiyo ya miaka 5 ndiyo eneo ambalo muuzaji hulizungushia uzio na kulitangaza kuwa si mali ya mtu.

Hapa mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri. Sheria inasema kitu kiwe kizima siku ya kuuzwa. Kikifa mwezi wa kumi na nne, hiyo inahusiana nini na siku ya kuuzwa? Jibu lilitolewa na majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1981, katika shauri linalojulikana kama Lambert dhidi ya Lewis. Mkulima alikuwa amenunua kifaa cha kuunganisha tela na gari lake la Land Rover. Kifaa kilikuwa na kasoro ya usanifu. Sehemu ya kukifungia ikaharibika, mkulima akaendelea kukitumia hivyo hivyo kwa miezi, hadi siku tela lilipochomoka barabarani na kusababisha vifo. Jaji Diplock alieleza kuwa sharti la kufaa kwa matumizi haliishi dakika mali inapokabidhiwa. Linaendelea kwa muda wa kuridhisha, madhali kitu kimebaki katika hali ileile ukiacha uchakavu wa kawaida. Lakini mkulima alishindwa katika dai lake dhidi ya muuzaji, kwa sababu tangu alipokiona kifaa kimeharibika, hakuwa tena na haki ya kuegemea ahadi ya muuzaji. Hukumu za Uingereza za miaka hiyo hazizifungi mahakama zetu, ila hushawishi, hasa pale ambapo sheria zetu mbili zimetoka tumbo moja.

Nalipenda shauri hilo kwa sababu linakata pande zote mbili. Linamwambia muuzaji kwamba "nilikukabidhi kikiwa kinawaka" si jibu. Linamwambia mnunuzi kwamba friji linalotoa moshi halitumiki mpaka liungue ndipo liende dukani.

Wala wazo hili si geni lililoletwa na meli ya wakoloni. Wafanyabiashara wa mwambao waliofuata fiqhi walikuwa na mlango mzima wa khiyari ya aibu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika mali kabla ya kukabidhiwa, na hakuijua wakati wa kununua, ana hiari ya kuirudisha na kuchukua fedha yake, au kubaki nayo. Swali linaloulizwa pale ni kasoro ilizaliwa lini. Hakuna anayeuliza kadi ilitaja miezi mingapi, kwa kuwa kadi haikuwapo.

Basi tulitazame swali hilo la kuzaliwa kwa kasoro, kwani ndilo kiini cha mambo yote.

Jirani yangu ni mama anayeuza barafu na juisi za ukwaju. Alinunua friza kwa mkopo wa kikoba, mkopo wa miezi 24. Waranti ilikuwa ya miezi 12. Mwezi wa 14 friza likaacha kugandisha. Kompresa ilikuwa inanguruma kama kawaida, taa inawaka, lakini maji yalibaki maji. Nilimsindikiza dukani. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu, akampa kiti, akaitazama risiti na kusema: "Mama yangu, waranti ilikuwa mwaka mmoja. Sasa hivi hili ni la kwako." Akaongeza kwamba karakana yao ingeweza kulikagua kwa ada, na gharama ya matengenezo ingejulikana baadaye. Ada hiyo peke yake ilikaribia robo ya bei ya friza.

Mama akamwita fundi wa mtaani. Fundi alijaza gesi, akapima presha, akasubiri, presha ikashuka. Akapaka povu la sabuni kwenye mabomba yote ya nje, pasitoke hata kiputo. Akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona mengi: "Inavuja kwa ndani, mama, humo kwenye povu. Hapo ndipo wanapoungia bomba la shaba na la aluminiamu." Maana yake ni kwamba kiungo kilichovuja kimezikwa ndani ya ukuta wa friza, katikati ya tabaka la kuzuia joto, mahali ambapo mkono wa mtumiaji haujapata kufika wala hautafika. Hakuna namna ya mama yule kukichakaza kiungo hicho kwa kuuza barafu. Kilifungwa kiwandani kikiwa hafifu, kikachukua miezi 14 kuonyesha uhafifu wake.

Huo ndio mfano safi wa kasoro ya asili. Linganisha na mpira wa mlango uliolegea kwa kufunguliwa mara mia kwa siku, au kompresa iliyoungua kwa umeme uliopanda na kushuka bila kuwekewa kifaa cha kudhibiti. Mpira ni uchakavu. Mama ndiye mwenye kulipa. Kompresa iliyoungua kwa umeme ni suala la kujadiliwa, ingawa nina neno: anayeuza friza katika nchi ambayo kila mtu anajua hali ya umeme wake, na asitaje kifaa hicho siku ya kuuza, asishangae sana. Kwa kiungo kilichozikwa ndani ya povu, jibu langu ni moja tu. Matengenezo yalipaswa kuwa ya bure, na mwezi wa 14 haubadilishi kitu.

Wahandisi wana mchoro wanaoutumia kueleza jinsi mashine zinavyokufa, na mchoro huo una umbo la beseni. Mwanzoni ukingo uko juu: mashine nyingi zenye kasoro kubwa za kiwandani hufa mapema. Kisha hushuka na kulala kama sakafu ya beseni kwa miaka: vifo ni vichache na vya bahati mbaya. Mwishoni hupanda tena, kwa sababu ya uzee. Mtengenezaji anayo takwimu ya mashine zake mwenyewe, na kwa hiyo anajua takribani ukingo wa kwanza unaishia wapi. Waranti hupangwa humo. Sisemi kuna njama. Kupanga gharama ni kazi halali ya biashara. Ninachosema ni kwamba urefu wa waranti unaeleza hesabu za kampuni, hauelezi umri wa friza. Hakuna mtu anayenunua friza akiamini litaishi mwaka mmoja, na hakuna muuzaji anayemwambia hivyo wakati wa kupokea fedha. Siku ya kununua huambiwa: "Hili, mama, watarithi wajukuu."

Njama zilikuwapo pia, kwa kumbukumbu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani, wakiwamo Osram na Philips, walikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus, uliokubaliana balbu za kawaida zisizidi saa 1,000 za kuwaka, na aliyetengeneza zinazodumu zaidi alitozwa faini. Nautaja kwa wale wanaodhani kwamba soko likiachwa lenyewe litazawadia uimara daima.

Ugumu wa kweli upo kwenye uthibitisho. Mama yule alijuaje kiungo ni kibovu? Kwa neno la fundi asiye na cheti. Kampuni ingeweza kusema fundi ndiye aliyetoboa bomba. Hapa ndipo nchi nyingine zimetumia akili badala ya huruma. Uingereza, kwa sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwamo tangu mwanzo, na ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Baada ya hapo mzigo wa uthibitisho humhamia mnunuzi, lakini dai lenyewe huendelea kuwa hai hadi miaka 6, na Scotland miaka 5. Sheria hiyo inataja uimara kwa jina kuwa sehemu ya ubora. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha chini cha miaka 2 kwa wajibu wa kisheria wa muuzaji, na kwa agizo la mwaka 2019 mzigo wa uthibitisho humkalia muuzaji kwa mwaka mzima wa kwanza. Norway wamekwenda mbali zaidi: kwa vitu vinavyokusudiwa kudumu muda mrefu, mnunuzi ana miaka 5 ya kulalamika. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2008, wameweka miezi 6 ya wajibu usioondoleka, na jambo ambalo mafundi na karakana zetu wangelisikia kwa mshtuko: matengenezo yenyewe yana dhamana ya miezi 3.

Hoja ya kwamba kampuni zitafilisika zikitengeneza bure baada ya waranti inajibiwa na kampuni zenyewe. Julai 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya mashine zake za michezo za Xbox 360 hadi miaka 3, kwa tatizo lililotangazwa na taa nyekundu tatu, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo na kuwarudishia fedha waliokuwa wamelipia matengenezo. Mwaka 2008 Toyota ilirefusha hadi miaka 15 dhamana dhidi ya kutu ya fremu kwa magari ya Tacoma ya miaka ya 1995 hadi 2000 huko Marekani. Mwaka 2018 Apple, ambayo waranti yake ya kawaida ni mwaka 1, ilikubali kutengeneza bure baobonye za kompyuta zake fulani kwa miaka 4 tangu siku ya kununuliwa. Hakuna iliyofilisika. Wala hakuna iliyofanya hivyo kwa upole wa moyo. Wateja wa huko wana mahakama zinazoruhusu madai ya pamoja, vyombo vya habari vinavyopiga kelele, na washindani wanaongoja upande wa pili wa barabara. Huruma ya kampuni huota kwenye udongo wa aina hiyo.

Na kuna kundi moja la kasoro ambalo kwalo neno waranti halipaswi hata kutamkwa: kasoro inayoua. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu na kuweza kurusha vipande vya chuma mfuko unapofumuka, iliwekwa katika mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, mengi yakiwa ya Kijapani ya miaka ya 2000. Watengenezaji walitoa wito wa kubadilisha bila malipo bila kutazama umri wa gari. Magari yaliyotumika tunayoyaagiza kutoka Japani mengi ni ya miaka hiyo hiyo, na joto na unyevu wa pwani yetu ndiyo mazingira mabaya kabisa kwa kemikali ile. Msomaji mwenye gari la aina hiyo aitafute namba ya chesisi yake kwenye tovuti ya mtengenezaji leo, asingoje kumaliza makala.

Sasa niwatendee haki wanaopinga, maana wana hoja moja nzito. Muuzaji wetu wa kawaida si Microsoft. Ni kijana wa Kariakoo aliyekodi fremu, aliyechangia kontena na wenzake watano kutoka Guangzhou, ambaye hajui jina la kiwanda wala kiwanda hakimjui yeye. Ukimwambia abebe kasoro za kiungo kilichofungwa China kwa miaka 6, ama atafunga duka, ama atapandisha bei, na mnunuzi maskini atasukumwa kwenye mitumba isiyo na dhamana hata ya kutoka mlangoni. Matengenezo ya bure hayako bure. Yamo katika bei. Wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia hilo, lakini ni kweli.

Jibu langu ni kwamba mzigo umewekwa kwenye bega lisilofaa. Kijana wa Kariakoo awajibike kwa miezi michache ya kwanza, na kwa alichokisema kwa kinywa chake. Kwa muda unaobaki awajibike mwingizaji mkubwa na wakala mwenye nembo, yule anayeweka mabango barabarani na kujiita msambazaji rasmi. Huyo anakijua kiwanda, ana mkataba nacho, na anaweza kukidai. Jina na nembo havitumiki tu kuvutia wanunuzi. Vikitumika kupandisha bei vitumike pia kupokea lawama. Kuhusu bei, tukubali itapanda kidogo, kisha tuulize nani analipa sasa. Mama wa barafu amelipa friza, riba ya kikoba, gesi iliyovuja, fundi aliyezungusha bomba jipya kwa ndani na kupunguza nafasi ya friza, na wiki tatu bila biashara katikati ya Februari. Gharama ya kasoro haikuepukwa. Ilihamishwa tu kutoka kwenye vitabu vya kampuni ikaenda kwenye daftari la kikoba, na huko haionekani katika takwimu ya mtu yeyote. Rahisi ghali, walisema wahenga, ila hawakusema ughali huo huangukia nani.

Sitaki pia tuutukuze ubure kupita kiasi. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya kifaa, yaani ile sakafu ya beseni na ukingo wa pili, mnunuzi hahitaji kutengenezewa bure. Anahitaji kutengenezeka. Anahitaji kipuri kinachopatikana kwa bei inayoeleweka, na mashine inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya kutengenezewa, ambalo nchi wanachama zinatakiwa kulitekeleza ifikapo Julai 31, 2026. Linawalazimu watengenezaji wa bidhaa kadhaa, zikiwamo mashine za kufulia, majokofu na simu, kuzitengeneza kwa bei ya kuridhisha hata baada ya muda wa dhamana ya kisheria. Ufaransa tangu Januari 2021 inabandika kwenye baadhi ya bidhaa alama inayoonyesha kwa kipimo cha 10 jinsi zinavyotengenezeka. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1975, imekataza kampuni kufuta waranti eti kwa sababu mteja amepeleka kwa fundi wa nje, na mwaka 2018 mamlaka yao ya biashara ilizionya kampuni 6 kwa vibandiko na vitisho vya aina hiyo.

Vibandiko hivyo tunavyo hapa, vinang'aa: "Kikichanika, waranti batili." Nchi yenye mafundi wengi na hodari kama yetu, ambao wamejifunza kwenye mitaro ya Kariakoo kile ambacho wahandisi wengine hujifunza katika maabara, ndiyo ingepaswa kuongoza bara hili kudai miongozo ya matengenezo na vipuri. Badala yake tumewaacha mafundi wetu watajwe na kampuni kama waharibifu, na mara nyingi sisi wenyewe tunaitikia.

Kuhusu wapi pa kulalamikia: Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, na ningependa wasomaji wangu, hususan wanafunzi wa sheria wanaotafuta mada za tasnifu, waizoee milango yake. Wakenya wana Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Wana pia Mahakama za Madai Madogo zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ya Kenya na kutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Friza moja linatosha humo. Haki ya miaka 6 inayodaiwa kwa shauri la miaka 4 na wakili wa bei ya friza mbili haina tofauti kubwa na kadi iliyokwisha muda. Chombo cha aina hiyo, chenye siku za kuhesabika na lugha ya Kiswahili tangu karatasi ya kwanza, kingemfaa mama wa barafu kuliko sheria mpya yoyote.

Hadi kitakapopatikana, kuna mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya kwenye kaunta. Aeleze matumizi yake kabla ya kulipa, na ikiwezekana yaandikwe kwenye risiti: "friza la biashara ya barafu." Maneno hayo matano yanazaa sharti la kufaa kwa matumizi. Kasoro ikijitokeza, aache kutumia, aandike barua kabla ya kumwita fundi, na fundi akifungua, apige picha. Barua isiseme "naomba msaada." Iseme kasoro ni ya asili, ieleze kwa nini, na itaje sheria kwa jina lake. Nimeona karakana zikibadili lugha kwa barua ya ukurasa mmoja, hasa ikiwa na nakala kwa Tume.

Nimalizie kwa watumishi wa umma, ambao najua wanasoma hapa hata wasipotoa maoni. Mnunuzi mkubwa kuliko wote katika nchi hii si mama wa barafu bali ni serikali. Mashine za kunakili, majokofu ya chanjo, vifaa vya maabara, jenereta za vituo vya afya: vyote huja na waranti, na vingi huishia kufunikwa shuka kwenye kona miezi michache baada ya waranti kwisha, kwa sababu kipuri kiko kwa wakala mmoja anayejipangia bei. Katika ujenzi tulikwisha kujifunza. Kila mkataba una kipindi cha uangalizi wa kasoro, na sehemu ya fedha ya mkandarasi huzuiwa hadi kipite. Katika ununuzi wa vifaa tunalipa tukipokea boksi. Nyaraka za zabuni za mwaka wa fedha unaoanza Julai zinaandikwa miezi hii. Zinaweza kudai vipuri vipatikane nchini kwa miaka isiyopungua 7 kwa bei iliyoambatishwa kwenye mkataba, mwongozo wa matengenezo ukabidhiwe pamoja na mashine, na kasoro ya kiwandani itengenezwe bila malipo wakati wowote itakapothibitika ndani ya miaka hiyo. Ni mistari mitano hivi. Wakala atakayekataa kuitia saini atakuwa amekwisha kuijibu kamati ya tathmini kuhusu umri wa mashine anayoiuza.